Kwa Nini Niliibandua Picha ya Jabari

Ndugu msomaji, kama ulipita karibu na ubao wa matangazo nje ya majilisi ya walimu mwezi wa Januari, huenda uliiona picha moja ya nyota, nyeusi na nyeupe, ukubwa wa ukurasa wa daftari. Chini yake paliandikwa "Jabari, kutoka Makueni" pamoja na jina langu. Ilikaa pale siku nne. Siku ya tano haikuwapo. Tangu hapo nimesikia mengi. Wengine walisema eti mwalimu wa zamu aliing'oa kwa kuwa niliikata gazetini. Wengine eti niliichora kwa tarakilishi. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nimesimamishwa shule!

La hasha. Picha ile niliibandua mwenyewe, kwa mikono yangu miwili, na sababu yake ndiyo makala haya. Lakini ili uielewe sababu, sharti kwanza nikueleze jinsi picha ya nyota inavyopikwa, hasa picha iliyopigwa na kamera ambayo imekwanguliwa rangi. Nasema "inavyopikwa" kwa kuwa kupiga ni kazi ya dakika chache tu. Kazi yenyewe iko jikoni.

Kamera ilikuwa ya mjomba wangu, ndugu yake mama. Ni Canon EOS 1100D, aina iliyoanza kuuzwa mwaka 2011. Mjomba alikuwa na studio mjini Wote, akipiga picha za pasipoti, za harusi na za watoto waliovishwa joho la nasari. Siku hizi kila mtu ana simu, na studio ikafungwa. Kamera ikabaki kabatini ikila vumbi. Mjomba alikuwa amesoma kwamba kuna watu hukwangua kioo cha rangi ndani ya kamera kama hizi ili zione nyota vizuri zaidi, akaona afadhali kamera ife ikijaribu jambo kuliko kufa kabatini.

Hebu tuingie ndani ya kamera. Nyuma ya lenzi kuna kibamba kidogo kinachopokea mwanga. Kimegawanywa katika vijumba vidogo mno viitwavyo pikseli. Katika kamera hii vimepangwa 4,272 kwa upana na 2,848 kwa kimo, yaani zaidi ya milioni 12. Kila kijumba kina kazi moja tu, nayo ni kuhesabu mwanga unaokiangukia. Rangi hakiijui hata kidogo. Rangi huletwa na ujanja uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, ambaye hataza yake ilitolewa mwaka 1976. Juu ya kila kijumba huwekwa kichujio chembamba cha rangi. Katika kila vijumba vinne, viwili hupata kijani, kimoja chekundu na kimoja cha buluu. Kisha tarakilishi iliyomo ndani ya kamera hutazama majirani na kukisia rangi ambazo kila kijumba hakikuziona. Naam, picha zote za rangi ulizo nazo kwenye simu yako, theluthi mbili ya rangi zake ni makisio!

Kwa picha za harusi, ujanja huu ni mzuri sana. Kwa nyota, una hasara. Mawingu ya gesi ya haidrojeni yaliyoko angani hutoa mwanga mwekundu wa nanomita 656. Katika kila vijumba vinne ni kimoja tu kinachouona vizuri mwanga huo, na vile vitatu vingine hukaa bure kama wageni waliofika arusini bila kualikwa. Tena mbele ya kibamba kiwandani huwekwa kioo kinachozuia sehemu kubwa ya mwanga huohuo mwekundu, ili nyuso za watu zisitoke nyekundu kupita kiasi.

Basi tulikitoa kioo hicho cha mbele. Kisha tukaenda kwa fundi wa simu, ambaye ana mashine ya kupuliza hewa moto, akaipasha gundi ya kioo cha pili kinachofunika kibamba hadi kikabanduka. Halafu mjomba akaanza kukwangua tabaka la rangi kwa kijiti cha mti kilicholainishwa, polepole, huku akikwepa nyaya nyembamba kama nywele zilizo ukingoni. Ukiukata waya mmoja, kwisha habari yako. Ni kazi ya saa nyingi na shingo kuuma. Faida yake ni kwamba kila kijumba sasa kinapokea mwanga wote. Si faida tupu, maana juu ya kila kijumba palikuwa pia na kilenzi kidogo cha kukusanya mwanga, nacho kilikwenda na takataka.

Jioni mjomba aliniachia kona moja nimalizie. Mkono ukateleza. Palibaki kovu lenye upana wa pikseli kama 60, yaani theluthi moja ya milimita. Vijumba vingi ndani ya kovu vilikuwa hai lakini vikiona hafifu, na vichache vilikufa kabisa. Nilinyamaza nikingoja kugombezwa. Mjomba alitazama kwa lenzi ya kukuzia, akasema, "Mpwa wangu, umeshaitia kovu. Sasa ni yako."

Jambo la kwanza la kuelewa katika upishi huu ni kwamba kamera haijui kuwa imekwanguliwa. Inaendelea kuamini ina vichujio. Ukiiambia ikupe picha ya kawaida, itakisia rangi ambazo hazipo na kuzidisha namba za vijumba "vyekundu" na vya "buluu" ili kusawazisha weupe. Matokeo yake ni picha yenye rangi ya ajabu na vimraba kama ubao wa drafti. Kwa hiyo ni lazima uhifadhi faili ghafi, yaani namba zenyewe jinsi zilivyohesabiwa, kuanzia 0 hadi 16,383, kisha uzifungue kwa programu ambayo haitakisia rangi yoyote. Mimi hutumia Siril, ambayo ni ya bure. Sharti usikubali ikugeuzie faili kuwa za rangi. Kuna pia programu ndogo ya Dave Coffin iitwayo dcraw, ambayo ukiiandikia herufi D kubwa inakutolea namba bila kuzigusa. Nilipoteza siku tatu kabla ya kujua hili, nikidhani tumeiharibu kamera.

Jambo la pili ni kwamba nyota hazitulii. Dunia inazunguka, na mbingu huonekana kusogea sekunde 15 za digrii kila sekunde moja ya saa. Nina lenzi ya milimita 50 tu na stendi ya miguu mitatu. Kwa vipimo vya kamera hii, pikseli moja ni sawa na sekunde 21 na kidogo za digrii angani. Piga hesabu mwenyewe. Ukiacha kamera wazi sekunde 3, nyota itakuwa imesogea pikseli mbili, jambo linaloweza kuvumilika. Ukiiacha sekunde 30, kila nyota inakuwa mstari. Kwa hiyo unapiga picha nyingi za sekunde 3, kisha unaiambia tarakilishi izipange nyota juu ya nyota na kutafuta wastani.

Kwa nini nyingi? Weka mabeseni mawili yaliyo sawa nje mvua inapoanza kudondoka, uhesabu matone kwa sekunde chache. Hutapata hesabu sawa. Moja litakuwa na 25, jingine 19 au 31, ingawa mvua ni ileile. Mwanga wa nyota pia huja kwa matone. Hizo tofauti ndizo chenga unazoziona kwenye picha za usiku. Ukichukua wastani wa picha nyingi, chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, yaani picha 100 hupunguza chenga mara 10, na picha 400 mara 20. Mwalimu wa hisabati akikuuliza vipeuo vya pili vina kazi gani maishani, mpe jibu hilo.

Usiku wa kwanza, mwanzoni mwa Januari, nilitandika mkeka uani. Saa tano usiku Jabari huwa utosini kabisa huku kwetu, kwa sababu mshipi wake uko karibu sana na mstari wa ikweta ya mbingu. Zile nyota tatu za mshipi unazijua, Alnitak, Alnilam na Mintaka, majina yaliyotokana na Kiarabu. Chini yake upanga unaning'inia, na katikati ya upanga pana nebula, wingu la gesi lililo mbali nasi takriban miaka 1,300 ya mwendo wa mwanga. Nilipiga picha 60, umande ukanishinda nikaingia ndani.

Nilipozipanga katika tarakilishi ya mjomba, wingu lilitokea! Sikuamini. Hata hivyo, karibu na mshipi palikuwa na doa jeusi, pana na refu, kama kidole kilichopakwa masizi. Ni lile kovu langu. Nilikuwa na haraka, shule ilikuwa inafunguliwa. Katika programu ya kurekebisha picha kuna brashi ya kunakili, inayochukua kipande cha mahali pazuri na kukipaka juu ya mahali pabaya. Ndiyo waliyokuwa wakitumia studioni kufuta chunusi za maharusi. Nilichukua kipande cha anga jirani, nikapaka mara tatu nne, doa likatoweka. Picha ikapendeza. Nikaichapisha, nikaibandika ubaoni.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku nne.

Nilimpelekea nyanya nakala. Nyanya haendi maktaba wala hajui Jabari ni nini, lakini amelala uani miaka mingi kuliko umri wa kamera yoyote. Aliiweka karibu na taa, akaigeuzageuza mpaka zile tatu zikakaa alivyozizoea. Kisha akauliza, "Mjukuu wangu, na kale kadogo kako wapi?"

"Kapi, nyanya?"

"Kale kanakokaa hapa chini ya hii ya mwisho. Zile tatu, halafu kako kadogo."

Nilitoka nje nikatazama juu. Kweli kapo. Karibu na Alnitak, kwa macho matupu, pana nyota ndogo. Kwenye ramani za anga inaitwa Sigma Orionis. Kwenye picha yangu palikuwa na anga safi, laini, isiyo na kitu. Niliifuta kwa brashi pamoja na doa. Nyota ambayo bibi wa miaka themanini anaiona bila miwani, mimi na kamera yangu ya vijumba milioni 12 tuliiondoa mbinguni kwa mibofyo minne.

Tena ubaya wake si wa nyota moja tu. Niliposoma zaidi niligundua kwamba inayoonekana kama nyota moja ni kundi la nyota kadhaa, na kwamba mwanga wake mkali ndio unaoliwasha wingu la haidrojeni lililo nyuma ya Kichwa cha Farasi, ile nebula nyeusi maarufu. Kichwa cha Farasi kiligunduliwa na mama mmoja aitwaye Williamina Fleming wa chuo cha Harvard, Marekani, alipokuwa akichunguza bamba la kioo la picha nyeusi na nyeupe lililopigwa mwaka 1888. Alikuta kidoa cha giza kilichoingia ndani ya wingu. Hebu fikiri kama mtu angetangulia kulisafisha bamba lile kwa sababu kidoa hakikumpendeza!

Asubuhi yake nilifika shuleni mapema, nikaibandua picha.

Sasa nikueleze nilichopaswa kufanya. Kovu la kamera halifutwi. Linapimwa, kisha linatolewa kwa hesabu. Katikati ya Februari nilirudi uani na kamera ileile. Saa mbili u nusu Jabari alikuwa tayari utosini. Nilipiga picha 400 za sekunde 3, na kabla ya kulala nikafunika lenzi kwa kifuniko chake nikapiga nyingine 40 za giza tupu, kwa sekunde zilezile na mipangilio ileile. Unaweza kucheka, lakini picha za giza zina faida. Hata bila mwanga, kamera huandika namba fulani katika kila kijumba, na vijumba vingine husema uongo zaidi ya vingine hasa kamera ikipata joto. Picha za giza zinakuonyesha uongo huo peke yake.

Kisha alfajiri, bila kuigusa lenzi (nilikuwa nimeifunga kwa seloteipu isisogee hata unywele), nilitandaza shati langu jeupe la shule juu ya lenzi, nikaielekeza kamera kwenye anga lililoanza kupambazuka, nikapiga picha 30. Hizi ni picha za weupe. Kwa kuwa shati ni jeupe kote, kila kijumba kingepaswa kutoa namba moja. Kisipotoa, kosa ni la kamera. Hapo vumbi huonekana, na kona ambazo lenzi huzipa giza, na mikwaruzo yote ya kijiti cha mjomba, na kovu langu, wazi kama kovu la ndui.

Tuchukue mfano wa namba. Tuseme anga inapaswa kutoa 500, na kamera kwa mazoea yake huongeza 2,000 kila mahali. Kijumba kizima kitaandika 2,500. Kijumba cha kovu, ambacho kinaona mwanga 80 tu katika kila 100, kitapata 400 badala ya 500, kiandike 2,400. Kwanza ondoa giza, 2,400 toa 2,000, unabaki na 400. Halafu gawanya kwa 0.8, ambayo umeipata kutoka kwenye picha za weupe. Unapata 500, sawa na mwenzake. Ukikosea utaratibu, ukagawanya kabla ya kutoa, unapata 3,000, na kovu lako sasa litang'aa badala ya kuwa jeusi. Mimi nililiona likingʼaa. Nilikuwa nimesahau kuondoa giza kwenye zile picha za nyota.

Lakini vijumba vilivyokufa je? Sifuri ukiigawanya kwa sifuri, hata mwalimu hawezi kukusaidia. Hapa ndipo umaskini wangu ulinifaa. Wenye mali wana mitambo inayofuata nyota, kwa hiyo nyota hukaa kwenye kijumba kilekile usiku kucha. Yangu haifuati kitu. Kila picha ilinichukua sekunde 4 pamoja na muda wa kuhifadhi, kwa hiyo katika picha 400 Jabari alihama zaidi ya pikseli 1,000 kutoka upande mmoja wa kibamba hadi mwingine. Sigma Orionis ilivuka kovu katika picha kama 21 tu. Katika zile nyingine 379 ilikuwa mahali pazima. Usiku wa kwanza, kwa picha 60, zile 21 zilikuwa theluthi nzima, ndiyo maana doa lilikuwa baya vile. Tarakilishi inapopanga nyota juu ya nyota, unaiagiza iangalie kila nukta katika picha zote, na namba iliyo mbali mno na wenzake iiweke kando kabla ya kutafuta wastani. Vijumba vilivyokufa vikawekwa kando. Satelaiti mbili na ndege moja zilizopita pia zikawekwa kando.

Baada ya hapo picha bado ni nyeusi tititi. Usife moyo. Mwanga wa wingu umejibana chini kabisa ya ngazi ya namba, karibu na anga tupu, na kioo cha tarakilishi hakiwezi kuuonyesha. Inabidi kuuvuta, yaani kuzitanua zile namba ndogo ili tofauti zao zionekane, bila kuziacha zile kubwa zifurike. Nilivuta polepole mara tano. Katikati ya nebula, penye nyota nne changa zenye joto kali, pamefurika weupe hata hivyo. Nimepaacha. Na nyota zote zina ukungu mdogo kandokando, kwa sababu kile kioo tulichokitoa kilikuwa pia kinazuia mwanga wa infraredi ambao lenzi yangu haiukusanyi mahali pamoja na mwanga mwingine.

Mwenzangu mmoja wa Chama cha Kiswahili, hodari wa mijadala, alinibana hapa. Alisema, "Kuvuta ni kubadilisha, na brashi ni kubadilisha. Tofauti iko wapi?" Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Jibu langu ni hili. Ninapovuta, kanuni moja inapita juu ya vijumba vyote milioni 12, na kilichokuwa na mwanga zaidi kinabaki na mwanga zaidi. Ninaweza kuiandika kanuni hiyo, wewe ukaifuata kwa faili zangu ukapata picha yangu. Ninapotoa giza na kugawanya kwa weupe, nimeyapima makosa ya kamera peke yake. Lakini brashi haikupima chochote. Iliweka pale nilichotaka kiwepo.

Ndiyo maana hata wakubwa hawaoni haya kusema rangi zao ni za kupewa. Kamera ya darubini ya Hubble haikuona rangi, sawa na yangu. Ile picha inayoitwa Nguzo za Uumbaji, ambayo Jeff Hester na Paul Scowen waliipiga tarehe 1 Aprili 1995, ilitokana na picha nyeusi na nyeupe zilizopigwa kupitia vichujio vitatu. Mwanga wa salfa ulipewa rangi nyekundu, wa haidrojeni kijani, wa oksijeni buluu. Jicho lisingeziona hivyo. Lakini walieleza, na kila rangi inasimamia kitu kilichopimwa.

Picha mpya iko kwenye kabati la chama, upande wa vioo. Haina weusi mtamu wa ile ya kwanza. Pembezoni, ambako picha hazikufunikana zote, pana chenga zaidi, nami sikupakata. Sigma Orionis ipo, na ukitazama karibu na Alnitak kwa makini, pana ukungu mwembamba kama pumzi juu ya kioo. Faili zote 400, za giza na za shati, ziko katika tarakilishi ya maabara kwa anayetaka kuipika upya.

Nyanya naye nilimpelekea yake. Alikitafuta kale kadogo kwa ncha ya kidole, akakapata, akaguna. Kisha akauliza mbona nyota zote ni nyeupe, ilhali ile ya begani ni nyekundu. Nikamweleza kwamba kamera tumeikwangua, haioni rangi tena, mpaka tutakapopata vichujio. Akasema basi si neno, hata macho yake usiku hayaoni rangi ya kanga.